Kampuni Iliyoajiri Wanajeshi

Kabla Kenya haijawa koloni, ilikuwa kampuni. Ilikuwa na wanahisa na bodi ya wakurugenzi kule London, makao ya kazi Mombasa, stempu zake za posta, na rupia zake zenye picha ya mizani upande mmoja na kaulimbiu upande wa pili: Nuru na Uhuru. Jina lake lilikuwa Imperial British East Africa Company, ila sisi tulioisoma darasani tunaijua kama IBEA. Ilipewa hati ya kifalme tarehe 3 Septemba 1888, na kufikia Julai 1895 ilikuwa imeshauzwa. Katika miaka hiyo saba haikuwahi kuwalipa wanahisa wake gawio lolote.

Kama ulifanya mtihani wa historia kidato cha nne, huenda ulikariri sababu za kampuni hii kuanguka: mtaji mdogo, usafiri mgumu, bidhaa chache za kuuza, maafisa wasio na uzoefu. Alama moja kwa kila sababu, ukaenda zako. Hiyo ya mwisho ndiyo imenifanya niandike, maana si kweli. Maafisa wa IBEA walikuwa na uzoefu mwingi tu. Mmoja alikuwa amepigana Afghanistan, Sudan na Burma kabla ya kufikisha miaka thelathini. Mwingine alikuwa meja jenerali. Swali ambalo mtihani haukuuliza ni: uzoefu wa nini?

Swali hilo bado liko nasi. Nairobi ya leo imejaa kampuni changa. Zikipata pesa za wawekezaji leo, kesho zinatafuta watu kumi, keshokutwa hamsini, na mara nyingi anayeingia ni yule aliye karibu, mwenye wasifu unaong'aa na aliyewahi kufanya kitu kikubwa mahali pengine. Tunaliongelea jambo hili kama la ndani ya ofisi, shauri la bosi na watu wake wa rasilimali watu. Historia ya IBEA inaonyesha kwamba halikai ndani ya ofisi. Watu wachache wa kwanza walioajiriwa pale Mombasa ndio walioamua kampuni itafanya kazi gani hasa, na bili ililipwa na watu ambao hawakuwahi kuomba kazi huko.

Mzee wa meli

Mwenye wazo alikuwa William Mackinnon, Mskoti aliyezaliwa Campbeltown mwaka 1823, akaanza maisha kama kijana wa dukani, akaenda India mwaka 1847 na kujenga mojawapo ya kampuni kubwa za meli duniani, British India. Kuanzia 1872 meli zake zilileta barua Zanzibar kutoka Aden, na hapo ndipo alipoanza kuitamani pwani yetu. Mwaka 1887 Sultani Barghash alimkodishia yeye na wenzake ukanda wa pwani, kutoka mto Umba hadi Kipini, kwa miaka 50. Mwaka uliofuata hati ya kifalme ikaja, na milango ya bara ikafunguliwa.

Mackinnon hakuwa mjinga wa kuajiri. Kampuni zake za meli ziliendeshwa na Waskoti wenzake, jamaa na wapwa, watu walioanza chini kwenye makaunta ya mawakala bandarini na kupanda ngazi huku wakitazamwa. Mambo yalikuwa ya kujuana, lakini pia ya kufundishana. Mtu aliyesimamia ofisi ya bandari alijua bei ya mzigo, tabia ya bahari, na nani anadaiwa na nani.

Shida ni kwamba kampuni hii mpya haikuwa ya baharini. Kutoka Mombasa hadi Buganda, mahali palipoaminika kuwa na utajiri, hakukuwa na mto wa kupitisha meli. Kila kitu kilibebwa kichwani au begani kwa zaidi ya kilomita elfu moja, na tani moja iligharimu zaidi ya pauni 200 kufikishwa. Mtaji uliochangwa ulikuwa takriban pauni 250,000. Kwa pesa hizo IBEA ilitarajiwa kufanya biashara, kukusanya ushuru, kujenga barabara, kutoa haki na kuzuia Wajerumani, kutoka Bahari ya Hindi hadi Ziwa Victoria. Kwa lugha ya siku hizi, ilikuwa imeahidi mambo ya miaka hamsini kwa pesa za miaka mitano.

Waliojua kazi

Kazi yenyewe, ya kupeleka bidhaa bara na kurudi na pembe, haikuwa ngeni. Wakamba waliifanya muda mrefu kabla ya Mackinnon kuiona Mombasa. Kivoi wa Kitui, aliyefariki mwaka 1851, aliongoza misafara mikubwa hadi pwani na jina lake lilijulikana kote njiani. Baadaye Waswahili na Waarabu wa pwani waliiendeleza biashara hiyo kwa mikopo ya wafanyabiashara Wahindi wa Zanzibar na Mombasa.

Misafara hiyo ilikuwa na mpangilio wa ajira ambao ungeheshimika popote. Kulikuwa na kirangozi, anayetangulia na kujua njia, maji na mahali pa kulala. Kulikuwa na wanyapara, kila mmoja na kundi lake, ambao kazi yao ilikuwa kuwajua watu wao kwa majina na kwa tabia. Kulikuwa na askari wa kulinda mizigo, na wapagazi wenyewe, watu wa kazi maalumu waliobeba takriban kilo thelathini kila mmoja, siku baada ya siku. Mpagazi wa Zanzibar kwa kawaida alilipwa takriban dola 5 za Maria Theresa kwa mwezi pamoja na posho, na alichukua malipo ya miezi kadhaa kabla ya kuondoka. Kiongozi aliyewapunja watu wake aliamka asubuhi akakuta mizigo imelala chini na watu hawapo.

Zaidi ya yote, misafara hiyo ilijua kuwa haiwezi kula bila wenyeji. Chakula kilinunuliwa njiani: kwa Wakamba, kwa Wakikuyu wa upande wa Dagoretti, na mwishowe kwa Nabongo Mumia wa Wanga, aliyewakaribisha wafanyabiashara wa pwani na kupata bunduki na nguo kutoka kwao. Sisemi walikuwa malaika. Watumwa walipita njia hizo hizo, na damu ilimwagika. Lakini mtu aliyetaka kurudi mwaka ujao alijifunza kulipa deni la mahindi.

Watu hawa IBEA iliwaajiri, tena kwa mamia. Iliwaajiri kubeba. Kwenye nafasi za kuamua, iliweka watu wengine.

Walioingia

Ili tuwe wa haki, mwanzo haukuwa mbaya. Msimamizi wa kwanza Mombasa, George Mackenzie, alikuwa mtu wa biashara, na aliposhuka Oktoba 1888 alikuta moto unawaka. Watumwa waliotoroka mashamba ya pwani walikuwa wamejificha kwenye misheni ya Rabai na vituo vingine, na wenye mashamba walitishia vita. Mackenzie alifanya hesabu ya mfanyabiashara: akawalipa mabwana fidia, na siku ya mwaka mpya wa 1889 watu zaidi ya elfu moja wakapewa hati za uhuru. Fidia iliwaendea waliowamiliki watu, si waliomilikiwa, na hilo linachoma hata leo. Hata hivyo vita havikutokea, na kampuni ilipata jina zuri kwa pande mbili ambazo hazikupatana kwa jambo lingine lolote.

Baada ya Mackenzie, kiti kikaanza kuzunguka. Akaja Meja Jenerali Francis de Winton, aliyewahi kusimamia Kongo ya Mfalme Leopold. Akaja Ernest Berkeley. Akaja J.R.W. Pigott. Ni miaka saba tu, na kila bosi mpya alianza upya kujifunza Mombasa.

Waliotumwa bara walikuwa mchanganyiko wa ajabu. Frederick Jackson, aliyeongoza msafara mkubwa wa 1889, alikuwa mwindaji na mpenzi wa ndege aliyekuja Afrika Mashariki mara ya kwanza kuwinda. Mwenzake Ernest Gedge alikuwa amelima chai Assam. Jackson alikuwa mtu mzuri na mtiifu: aliambiwa asiingie Uganda, na barua ya Kabaka Mwanga ya kuomba msaada ilipomfikia, hakuingia. Akaelekea Mlima Elgon na kwingineko kutafuta pembe. Akiwa huko, Mjerumani Carl Peters alifika kambini kwa Mumia, akafungua barua zisizo zake, akakimbia hadi Mengo na kutia saini mkataba na Mwanga mwanzoni mwa 1890.

Habari hizo zilipofika, hofu ikatawala. Wote tunaijua hofu hiyo: mshindani ametutangulia, tunahitaji mtu leo, mtu wa vitendo. Mtu huyo alikuwa tayari kwenye orodha ya mishahara. Kapteni Frederick Lugard alizaliwa India mwaka 1858 na kukulia jeshini. Alikuja Afrika mwishoni mwa 1887 akikimbia mapenzi yaliyomvunja moyo, akapigana na wafanyabiashara wa watumwa kule Karonga kando ya Ziwa Nyasa, akapigwa risasi mkononi. Mwishoni mwa 1889 IBEA ilimchukua kutafuta njia mpya kando ya mto Sabaki. Alikuwa jasiri, mchapakazi, mwandishi hodari wa ripoti. Mradi wowote ungemtaka. Lakini kila mwamba ngozi huvutia kwake, na Lugard alijua kuvuta upande mmoja. Ukimpa bonde, anaona mahali pa ngome. Ukimpa mfalme mwenye mashaka, anaona mkataba wa kutiwa saini kabla jua halijatua.

Dagoretti na Machakos

Oktoba 1890 Lugard alifika Dagoretti. Alihitaji kile ambacho kila msafara ulihitaji kabla ya kuingia nchi ya Wamaasai: chakula. Akala kiapo cha udugu wa damu na Waiyaki wa Hinga, akajenga boma, akamwachia George Wilson, kisha akaondoka kuelekea Uganda.

Tazama muundo wa kazi hiyo. Kazi halisi ya Dagoretti ilikuwa kununua viazi, maharagwe na mtama kwa bei ambayo wanawake wa Kikuyu wangeikubali tena wiki ijayo. Ilihitaji mtu wa soko, mwenye ghala lililojaa bidhaa za kubadilishana na mamlaka ya kuwaadhibu watu wake wakiiba. Kampuni ilijenga ngome yenye ghala tupu. Misafara iliyopita ilichukua chakula bila kulipa, na waliochukua ni watu ambao wenyewe hawakupewa posho ya kutosha. Wenyeji wakajibu. Mwanzoni mwa 1891 Wilson na watu wake walilazimika kuondoka, na boma likachomwa.

Somo lililochukuliwa Mombasa halikuwa kwamba walituma mtu wa kazi tofauti. Walisema ngome ilikuwa ndogo. Mwaka huo huo Meja Eric Smith akajenga nyingine kubwa zaidi karibu na hapo, Fort Smith, yenye handaki na waya. Agosti 1892 ugomvi ulizuka ndani ya ngome hiyo kati ya Waiyaki na msimamizi wake, William Purkiss. Waiyaki alijeruhiwa kichwani, akafungwa, akapelekwa pwani kama mfungwa. Hakufika. Alifia Kibwezi. Ndugu wa damu wa kampuni alikufa miaka miwili tu baada ya kiapo, mikononi mwa waajiriwa wa kampuni hiyo hiyo.

Machakos mambo yalianza vilevile. Watu wa kituo walikata mti kwenye ithembo, mahali patakatifu pa kutolea sadaka, wapate mlingoti wa bendera. Wakamba wa Iveti walisusa kuwauzia chakula. Hebu fikiria: miti yote ya vilima vile, na hakuna mtu mmoja kwenye kituo aliyejua kuuliza, au aliyejua na akasikilizwa.

Kisha mwaka 1892 kituo kikapewa John Ainsworth. Huyu alikuwa mtu wa Manchester aliyekwenda Kongo akiwa kijana wa miaka ishirini kufanya kazi ya biashara, akaajiriwa na IBEA mwaka 1889 kusimamia ghala Mombasa, kisha usafirishaji. Hakuna aliyemwandikia sifa magazetini. Ila alijua idadi ya marobota ya nguo ghalani na siku ngapi msafara huchukua, na alijua kuwa mtu mwenye chakula cha kuuza ni mteja. Chini yake Machakos ikawa kituo kilichojilisha na kulisha misafara. Si kwamba alikuwa mpole: alitumia misafara ya adhabu pia, na mifugo ya watu ilichukuliwa. Lakini tofauti kati ya kituo chake na Dagoretti inaonekana wazi, na haikutokana na mtaji wala usafiri. Kampuni ilikuwa moja, barabara ilikuwa moja.

Mfanyakazi mkubwa kuliko kampuni

Lugard alifika Kampala tarehe 18 Desemba 1890 na watu takriban 300, na baada ya wiki moja Mwanga alikuwa ametia saini. Buganda ilikuwa imegawanyika kati ya Wakatoliki, Waprotestanti na Waislamu, kila upande na bunduki zake. Lugard aliona anahitaji askari zaidi. Mwaka 1891 akaenda hadi karibu na Ziwa Albert, akawakuta askari wa Sudan walioachwa nyuma Emin Pasha alipoondolewa na Stanley mwaka 1889. Kiongozi wao alikuwa Selim Bey. Akawachukua: askari mia kadhaa, pamoja na wake, watoto na wafuasi waliofika maelfu.

Hiyo huenda ndiyo ajira kubwa kuliko zote alizofanya mtu wa IBEA. Ilifanywa na mtu mmoja, mbali na bodi, bila bajeti, na bila jibu la swali rahisi: watu hawa watalipwa na nani, na hadi lini?

Tarehe 24 Januari 1892 vita vilizuka Mengo, na Lugard alitumia bunduki ya Maxim iliyochakaa kuusaidia upande wa Waprotestanti. Kule London wakurugenzi walikuwa wameshapiga hesabu. Kubaki Uganda kungegharimu takriban pauni 40,000 kwa mwaka. Mwaka 1891 walikuwa wameamuru watu waondoke, na amri ilimfikia Lugard mwishoni mwa mwaka huo. Marafiki wa misheni wakachanga pesa ili kampuni ivumilie muda zaidi. Kampuni ya biashara ilikuwa imefika mahali pa kuendeshwa kwa sadaka.

Lugard alirudi Uingereza mwaka 1892 na kufanya kampeni nchi nzima, akitaka serikali isiiache Uganda. Alishinda. Bendera ya Uingereza ilipandishwa Kampala Aprili 1893, na Uganda ikawa himaya mwaka 1894. Yeye akaendelea kupanda hadi kuwa gavana mkuu wa Nigeria. Mackinnon alikufa Juni 1893. Kampuni ilinunuliwa kwa pauni 250,000, na kati ya hizo 200,000 zilitoka kwenye fedha za Sultani wa Zanzibar, ambazo Wajerumani walikuwa wamemlipa kwa pwani yake ya kusini. Yaani Zanzibar ilichangia sehemu kubwa ya bei ya kuwaondoa wapangaji kwenye ardhi yake yenyewe, na ardhi haikurudi.

Kwa hiyo ukiuliza kama Lugard alikuwa mwajiriwa mbaya, jibu ni gumu. Alifanya kazi yake vizuri sana. Ila haikuwa kazi ya kampuni.

Wasioonekana kwenye orodha

Kuna majina mawili ninayotaka tuyakumbuke. La kwanza ni Dualla Idris, Msomali aliyekuwa mnyapara mkuu wa msafara wa Teleki uliofika Ziwa Turkana mwaka 1888. Alizungumza Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza. Lugard alimtegemea kama mkalimani na mpatanishi, na mazungumzo mengi ya Buganda yalipitia kinywani mwake. La pili ni Antonio Martini, baharia wa Malta aliyejiita James Martin. Alipita nchi ya Wamaasai na Joseph Thomson mwaka 1883, msafara ambao Jumbe Kimameta, mfanyabiashara Mswahili wa Pangani, alikuwa mmoja wa viongozi wake wa njia. Inasemekana Martin hakuweza kusoma vizuri. Lakini alijua Kiswahili, alijua wapagazi, na misafara yake ilifika.

Martin, kwa kuwa alikuwa Mzungu, alipandishwa hadi kuwa afisa. Dualla, mwenye lugha tatu na njia nyingi zaidi miguuni, alibaki msaidizi. Kimameta hakufikiriwa kabisa. Kampuni iliyolia kwamba haipati watu wenye uzoefu ilikuwa imezungukwa nao. Walikuwa wamesimama uani, wakisubiri mzigo.

Kuna wanaosema IBEA haikuwa ya faida tangu mwanzo: Mackinnon alitaka heshima, serikali ilitaka himaya ya bei rahisi, na hata wafanyabiashara bora wasingeweza kupata faida kwa pembe na mpira tu. Nakubali sehemu kubwa ya hoja hiyo. Jiografia haiajiriki. Lakini haielezi kwa nini kampuni moja, mwaka mmoja, ilikuwa na kituo kinachonunua chakula na kingine ambacho mlinzi wake hathubutu kutembea mbali na lango.

Pia tusijidanganye upande wa pili. Kama IBEA ingeajiri watu sahihi tupu, huenda ingetutawala kwa ufanisi zaidi. Mwajiriwa bora wa kampuni si lazima awe habari njema kwa jirani yake. Ndiyo maana swali la nani anafaa kazi haliishii kwenye faida. Lazima pia kuuliza: anafaa kwa nani?

Urithi

Serikali ilipochukua usukani Julai 1895, haikuleta watu wapya wengi. Ilirithi waliokuwepo. Jackson akaendelea na utumishi hadi kuwa gavana wa Uganda. Ainsworth akahamisha makao yake kutoka Machakos hadi Nairobi mwaka 1899 na kupanda miti ambayo mji huu uliijua kwa miaka mingi. Francis Hall, aliyesimamia Fort Smith baada ya Purkiss, alikufa mwaka 1901 na jina lake likabandikwa Murang'a, ikawa Fort Hall. Tabia za ofisi zilirithiwa pamoja na watu: jengeni ngome kwanza, muulize baadaye. Tunaposhangaa kwa nini ofisi ya chifu au kituo cha polisi hapa kwetu kinaongea na mwananchi kana kwamba ni adui langoni, tukumbuke waliofungua milango hiyo mara ya kwanza walifunzwa wapi.

Na wale askari wa Sudan? Selim Bey alituhumiwa uasi mwaka 1893, akakamatwa, akafia Naivasha akipelekwa pwani. Watu wake walibaki kazini chini ya serikali, wakilipwa kidogo, wakicheleweshewa, mara nyingi wakipewa nguo badala ya pesa, na kutumwa safari baada ya safari. Septemba 1897 waliasi karibu na Eldama Ravine, na Uganda ikatikisika. Waliosalia na waliofuata waliingia kwenye jeshi la King's African Rifles, na mwanzoni mwa karne ya 20 wengine wakaruhusiwa kukaa kwenye msitu pembeni mwa Nairobi. Kwa lugha yao msitu huo uliitwa Kibra.

Wanubi wa Kibera wengi wanafuata asili yao hadi kwa askari hao. Walipewa ardhi bila hati na utumishi bila uraia ulio wazi. Mwaka 2011 kamati ya Umoja wa Afrika inayoshughulikia haki za watoto iliamua kwamba Kenya ilikuwa imewakosea watoto wa Wanubi katika suala la utaifa. Hati ya ardhi ya jamii, ekari 288, walikabidhiwa mwaka 2017.

Kampuni iliyowatoa Ziwa Albert ilikuwa imekufa kwa miaka 122. Nani angewalipa, na hadi lini? Bodi ya London haikujibu mwaka 1891. Jibu lilipatikana Kibera, nusu nusu, kwa wajukuu wa vitukuu wao.